Siraro Nyumbani kwa Mheshimiwa Waziri

Ipo nchi moja, nami ni raia wake mwaminifu, kwa hiyo jina lake silitaji. Ni nchi nzuri mno. Mwenye kiu huambiwa asubiri, aliyeshiba huombwa maoni, na mwenye malalamiko huundiwa kamati. Kama kwenu mambo si hivyo, basi hadithi hii haikuhusu, endelea na shughuli zako kwa amani.

Nchi hiyo ina Wizara ya Maji, Mila na Mapumziko. Wapo wapumbavu waliouliza mambo hayo yalikutanaje katika ofisi moja. Jibu ni jepesi. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Tarsisi Bwimbo, alikuwa mtu wa kiu, mpenzi wa ngoma, na alikuwa amechoka sana.

Kule nyanda za juu, majani yanapokutana na mawe, wanaishi Wakirori. Ni wafugaji, wenyeji wa pale tangu nchi yetu haijajua kwamba ni nchi. Walikuwa na chemchemi moja inayotoka chini ya mwamba, na hapo walikunywa wao, ng'ombe wao na mbuzi wao. Mheshimiwa Bwimbo alikwenda kuikagua. Alichota maji kwa kiganja, akanywa, akafumba macho kama anayesali. Alipoyafumbua alisema mbele ya waandishi wa habari: "Maji haya ni urithi wa taifa. Ni lazima yalindwe yasije yakanywewa."

Uzio ukajengwa. Ndani ya uzio ikajengwa nyumba ya mapumziko, kwa kuwa mlinzi wa urithi lazima apumzike, na bwawa la kuogelea, kwa kuwa apumzikaye huona joto. Akaletwa pia fahali mweupe wa kigeni, aliyesafirishwa kwa ndege na kupokewa kwa mazulia. Mheshimiwa alimpa jina la Maendeleo, ili akiulizwa bungeni kama maendeleo yamefika Kirori aweze kujibu bila kusema uongo. Langoni likawekwa bango kubwa: CHEMCHEMI YA WANANCHI. WANANCHI HAWARUHUSIWI.

Wanaume wa Kirori je? Waligawiwa kofia. Mzee Lemuta, mwenyekiti wa kijiji, alipewa kofia na mwavuli juu yake, akatangaza kwamba mvumilivu hula mbivu. Wanawake hawakugawiwa kitu. Wao waligeuza njia, wakaanza kuteremka korongo la mbali kuchota maji ya tope, dumu mgongoni, jua utosini.

*

Aliyechoka kwanza alikuwa Bibi Nolari. Huyu, msije mkamfikiria mama mpole wa kuinamisha kichwa. Alikuwa na mdomo unaosikika ng'ambo ya bonde, alivuta ugoro, alijisifu hadharani kwamba hakuna mwanamke aliyejenga nyumba nzuri kuliko zake, na kwa Wakirori ni wanawake wanaojenga nyumba. Aliwakusanya wenzake wakaenda wilayani, wakamkuta Bwana Ponsiano, Afisa Utamaduni, ambaye kwa mpangilio wa wizara ndiye aliyeshughulikia mambo ya maji.

"Shikamooni, mama zangu," alisema Bwana Ponsiano, maana alikuwa na adabu zote isipokuwa ile ya kusikiliza.

"Marahaba. Tumekuja kwa ajili ya maji yetu."

"Mmefanya vyema. Serikali inawathamini sana akina mama wa mashinani. Tayari tumeunda Kamati ya Uongozi wa Akina Mama wa Kirori."

"Nani yumo?" akauliza Bibi Nolari.

"Mwenyekiti ni Mzee Lemuta. Katibu ni mimi. Wajumbe ni wazee wenye kofia."

"Na akina mama?"

"Akina mama ndio mada," alijibu Bwana Ponsiano kwa furaha. "Mada haikai kwenye kamati, mama. Ikikaa, tutajadili nini?"

Walirudi nyumbani. Naomba nikiri kwamba wakati ule niliona jibu lile limetosheleza. Mimi hukodisha viti na maturubai kwa sherehe za serikali, na mtu wa viti huwa hana haraka ya kuona ubaya.

*

Sasa nifike pale ambapo hata mimi, mwaminifu, nilishindwa kubaki mwaminifu.

Bibi Nolari alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, aitwaye Naisola. Alikuwa mjamzito, tumbo la kwanza, limeshakuwa kubwa. Siku hiyo miguu ilimvimba, korongo lilikuwa mbali, na maji ya chemchemi alikuwa anayasikia yakidondoka upande wa pili wa uzio. Akasogea na kibuyu chake. Akapenyeza mkono kwenye nyaya, akakinga matone.

Mheshimiwa Bwimbo alikuwa barazani kwake, ananyonya juisi kwa mrija. Alimwona. Angeweza kumkemea, angeweza kumwita askari. Badala yake alimwambia mlinzi: "Hebu wafungulie hao mbwa wanyooshe miguu." Mbwa wakafunguliwa. Naisola akakimbia, akaanguka kwenye mawe. Mheshimiwa alicheka. Mlinzi alisikia, na akina mama waliokuwa wakipita njiani walisikia. Kicheko kile kilivuka uzio bila kibali.

Jioni Naisola alijifungua mtoto asiyelia.

Wizara ilitoa taarifa kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwenye jambo lolote la maji. Taarifa ilisema mbwa walikuwa katika mazoezi yao ya kawaida, na kwamba mwananchi husika alikimbia kwa hiari yake. Iliongeza kwamba Mheshimiwa anawapenda sana watoto. Nilipoisoma nilikasirika, na bado nimekasirika.

Bibi Nolari hakulia mbele ya watu. Alimfunga mkwewe tumbo kwa kitambaa, akamnywesha supu, akatoka nje akavunja fimbo ya mumewe vipande viwili na kuviweka mlangoni. Kila mwanamke aliyepita akaviona. Kila mwanamume aliyepita aliviona pia, akavua kofia yake ya serikali, akakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kutafuta mahali pengine.

Maana hiyo ni ishara ya siraro. Na siraro, msomaji, siyo ngoma, ingawa ina nyimbo. Ni sheria ya Wakirori yenye umri mkubwa kuliko sheria zetu zote. Mwanamume akiharibu tumbo la mwanamke, iwe kwa teke, kwa fimbo au kwa mbwa, akina mama wote hujifunga majani mabichi kiunoni na kumwendea. Humchinja fahali wake bora na kula nyama. Huezua nyumba yake. Hawaondoki mpaka akiri kwa kinywa chake mwenyewe. Mwanamume anayejaribu kuwazuia, zamu inayofuata ni yake.

Ina sharti moja. Akina mama wa Kirori si wezi, hawavunji mlango wa mtu. Mkosaji lazima awafungulie kwa mkono wake. Kwa Mkirori hilo halina taabu, kwa kuwa akikataa kufungua, hata mama yake mzazi hampikii tena. Lakini waziri je? Waziri ana geti la umeme, na mama yake anapikiwa na serikali.

"Tutangoja," alisema Bibi Nolari. "Mtu mpenda sifa hafungi mlango muda mrefu."

*

Hakungoja sana. Nchi yetu ilipata ugeni wa shirika kubwa la wafadhili, lililotaka kumvisha nishani kiongozi aliyewainua akina mama wa vijijini kuliko wote. Mheshimiwa Bwimbo aliwaza kwa makini ni nani, akajiona ni yeye. Alihitaji tu akina mama wa kuonyesha kwamba wameinuliwa, na ngoma yao.

Bwana Ponsiano alitumwa Kirori. Alimkuta Mzee Lemuta ameketi, mkewe amesimama nyuma yake na mkono begani kwake.

"Mzee, akina mama wa hapa wana ngoma gani?"

Mzee Lemuta aligeuza kichwa nyuma. Mkono wa mkewe ukambana bega. "Wana... wana siraro."

"Safi! Inahusu nini?"

"Inahusu wanaume wakubwa."

"Yaani kuwaenzi viongozi! Na inachezwaje?"

"Kwa kweli, Bwana Afisa, sisi wanaume hatujawahi kubaki mpaka mwisho."

Bwana Ponsiano aliona hiyo ni haya ya watu wa kijijini. Akamwendea Bibi Nolari, ambaye safari hii alimkaribisha kwa maziwa na tabasamu. Yeyote anayemjua Bibi Nolari angeliona tabasamu lile angerudi mjini kwa miguu.

"Tutakuja, mwanangu," alisema. "Lakini siraro ina masharti yake. Geti afungue Mheshimiwa mwenyewe, kwa mkono wake."

"Itapendeza kwenye picha!"

"Fahali wake awepo."

"Kwa ajili ya mandhari, bila shaka."

"Na ikishaanza isikatishwe. Ikikatishwa ni balaa."

Bwana Ponsiano alimpelekea Mheshimiwa habari hizo, na Mheshimiwa akafurahi mpaka akaruka. Alikuwa amechoshwa na ngoma za mjini zilizochakachuliwa. Hapo hapo alitia saini Agizo la Kulinda Ngoma, akalisoma redioni kwa sauti yake: "Mtu yeyote, awe raia, askari au kiongozi, atakayeikatisha ngoma ya asili kabla haijaisha kwa mujibu wa mila, atakwenda jela bila faini. Na uwanja wa ngoma, maadamu ngoma haijaisha, ni mali ya mila, haujengwi wala hauzungushiwi kitu."

Mkuki kwa nguruwe. Lakini siku hiyo nguruwe ndiye aliyeunoa.

*

Siku yenyewe nilipanga viti vyangu pembeni ya bwawa. Televisheni ya taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja. Mkurugenzi wa wafadhili, mama mmoja mrefu wa ng'ambo aliyevishwa shuka na shanga za Kirori, aliketi mbele na nishani kwenye kisanduku. Mheshimiwa alisimama akahutubia.

"Mabibi na mabwana! Mwanamke ni nguzo. Mwanamke ni dira. Mwanamke ni taa! Mimi binafsi nilizaliwa na mwanamke." Makofi. "Tangu siku hiyo sijawahi kumsahau mwanamke. Nimewapa akina mama wa Kirori uzio ili wajue mipaka. Nimewapa umbali ili wapate mazoezi. Leo wanakuja wenyewe, kwa miguu yao, kunishukuru!"

Kisha akashuka jukwaani, akaenda getini, akabonyeza kitufe cha geti kwa mkono wake na kugeuza uso upande wa kamera.

Waliingia. Sikujua kwamba Kirori kuna wanawake wengi kiasi kile. Majani mabichi viunoni, hatua moja, mguu mmoja, hata glasi za wageni zikawa zinagongana mezani. Wakaanza kuimba. Bwana Ponsiano akashika kipaza sauti na kutafsiri kutoka kwenye karatasi aliyoiandaa nyumbani, kwa kuwa Kikirori hakijui. Mimi nakijua, mama yangu alizaliwa kule.

"Mwenye mbwa, toka tukuone!" waliimba.

"Baba wa maji, tunakupenda," alitafsiri Bwana Ponsiano.

"Uliyemuua hakupewa jina, tutakuita wewe kwa jina la msiba wake!"

"Umetuletea neema, udumu madarakani."

"Leo utakula kicheko chako!"

"Karibu chakula," alimalizia Bwana Ponsiano, na mimi nikaona hapo hakukosea sana.

Wakamwendea Maendeleo. Wageni walitoa simu zao wapige picha. Akina mama walimzunguka, wakamlaza kwa kamba kwa ustadi wa watu waliozaliwa zizini, na Maendeleo akafika mwisho wake mbele ya taifa zima. Mkurugenzi aliziba mdomo.

"Ni sehemu ya ngoma," Bwana Ponsiano alimhakikishia, akitokwa na jasho. "Ni... ni ishara ya shukrani."

Mheshimiwa alikuwa bado anapiga makofi. Mikono ilikuwa imezoea, haikujua namna ya kuacha. Lakini macho yalikuwa yamemtoka.

Kisha wakapanda juu ya nyumba. Anayejua kujenga anajua kubomoa, na wale ndio wajenzi wa Kirori yote. Vigae vilishuka mkono kwa mkono, mbao zikafuata. Bibi Nolari alisimama kwenye kilele cha paa lililobaki, akawa anaukosoa ujenzi kwa sauti kubwa. "Nani alipiga kenchi hii? Angekuwa mkwe wangu ningemrudisha kwao!"

Mheshimiwa alimvuta kamanda wa polisi pembeni, kwenye kiti changu cha mwisho, nikasikia kila kitu.

"Kamanda, fanya kitu!"

"Mheshimiwa, agizo lako. Jela bila faini."

"Naliondoa agizo!"

"Mbele ya kamera, Mheshimiwa? Na Mkuu wa Nchi anatazama. Amepiga simu sasa hivi, anasema hajawahi kuona ngoma nzuri kama hii tangu uhuru."

Wakati huo kundi lingine lilikuwa limefika chemchemini. Waling'oa bomba lililopeleka maji bwawani, na maji, ambayo hayana habari na wizara, yakakumbuka mfereji wao wa zamani na kuteremka kijijini. Wengine waling'oa nguzo za uzio wakazifunga mizigo ya kuni. Bango nalo likaingia motoni chini ya nyama ya Maendeleo. Wageni wakagawiwa vipande, wakala, wakasifu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na wenyeji siku ile walikuwa wanapona mbele ya macho yangu.

*

Walipokwisha kula waliketi. Hawakuimba tena. Walimtazama tu Mheshimiwa, amesimama peke yake mbele ya nyumba isiyo na paa, suti imejaa vumbi la vigae. Alijaribu kuelekea kwenye gari, akakuta akina mama wameketi mbele ya magurudumu na nyuma yake. Kuwahamisha kungekuwa kukatisha ngoma.

"Wanataka nini?" alimnong'oneza Bwana Ponsiano.

Bibi Nolari alimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili, ili asitafsiriwe. "Tunataka useme ulichofanya. Utakisema umepiga magoti, na hicho kipaza sauti ukishike. Tuna nyama, tuna maji. Hata mwezi tutakaa."

Jua lilikuwa kali. Mkurugenzi wa wafadhili, akidhani ni kilele cha mchezo, alianza kumshangilia apige magoti. Wageni wote wakamfuata. Mtu aliyeishi kwa makofi hawezi kuyakatalia makofi. Akapiga magoti.

"Nilifunga maji," alisema.

"Na?"

"Nilifungulia mbwa."

"Kwa nani?"

"Kwa... kwa mjamzito."

"Na?"

Hata mpiga picha aliacha kutafuna.

"Nilicheka," alisema Mheshimiwa Bwimbo, na neno hilo lilikwenda mpaka kwenye kila nyumba yenye televisheni katika nchi yetu nzuri.

Nilimwona Mkurugenzi akigeuka kumtazama Bwana Ponsiano, na Bwana Ponsiano akiitazama karatasi yake, ambayo ilikuwa imeishiwa maneno. Kisanduku cha nishani kikafungwa polepole na kurudi mkobani.

Siraro huisha kwa kibuyu. Mkosaji akishakiri, huomba maji kwa yule aliyemwumiza. Akipewa akanywa, yamekwisha, na hakuna atakayemkumbusha tena. Asipopewa, haijaisha. Katika siraro zote ambazo mama yangu alinisimulia, mkosaji alipewa.

Naisola akainuka. Siku nzima hakuwa ameimba wala hakuwa amekula. Alikwenda chemchemini, akajaza kibuyu, akarudi nacho akasimama mbele ya Mheshimiwa. Yule mtu alikuwa amekauka midomo kwa jua na kwa maneno. Akanyoosha mikono miwili, kama watu wanavyoipokea riziki.

"Naomba maji, binti yangu," alisema.

Naisola akainua kibuyu akanywa. Alikunywa taratibu, bila haraka, macho kwenye macho yake, mpaka likabaki tone. Akalimwaga lile tone kwenye mawe yale yale. Kisha akamshika mama mkwe wake mkono, wakaondoka, na akina mama wote nyuma yao.

*

Serikali ilikaa kikao. Wanasheria walilisoma Agizo la Kulinda Ngoma mbele na nyuma, wakatoa maoni yasiyopingika. Ngoma haijaisha kwa mujibu wa mila. Kwa hiyo inaendelea. Kwa hiyo Mheshimiwa Bwimbo, kisheria, bado yumo uwanjani anacheza, na mtu hawezi kuwa kwenye baraza la mawaziri na kwenye ngoma kwa wakati mmoja. Uwaziri ukapewa mwingine. Yeye akahamishiwa kwenye orodha ya watumishi kama mchezaji wa ngoma, daraja la chini. Uwanja, pamoja na chemchemi, ni mali ya mila, haujengwi wala hauzungushiwi kitu.

Maji sasa yanapangwa na akina mama: watu wanachota juu, ng'ombe wanakunywa chini, na anayegombana anasubiri mwisho. Kamati ya zamani ilivunjwa, na Mzee Lemuta amepewa kazi ya kuchunga ndama kwa kuwa mwavuli anao. Wanawake wa wilaya nyingine wanakuja kwa Bibi Nolari kuuliza nyimbo zinaimbwaje. Naye huwafundisha, na huwatoza ugoro.

Mwezi uliopita nilipita kule kuchukua viti vyangu viwili vilivyosahaulika. Nilimkuta Bwimbo amepiga magoti kando ya njia ya maji, suti ile ile, anawaomba wanaopita wamkumbushie kwa Naisola. Hanywi pale, hunywa ya tope, kule korongoni. Nikasikia huruma, nasema kweli, kidogo, nikamwendea Naisola aliyekuwa anakamua mbuzi.

"Mwanangu, utampa lini yule mzee maji?"

Hakuacha kukamua.

"Mwanangu mimi," alisema, "akija kumwombea, nitampa."